Kupiga "Malaika" kwa gitaa moja, kwa mkono wa Katanga

Ukiitwa kupiga gitaa kwenye sherehe ya ndoa hapa Lubumbashi, mji wa Katanga huku Kongo, iwe mtaa wa Katuba, Ruashi au Kenya (Kenya yetu, si ile ya Nairobi), kuna mama atakayeomba "Malaika". Ataomba tu. Basi uijue.

Akodi ni tatu: Do, Fa, Sol (yaani C, F, G). Hapo hakuna kazi.

Kazi iko mkono wa kulia. Acha kukwangua nyuzi zote kwa pamoja. Gumba litembee kwenye nyuzi nene, bila kusimama hata unapovuta pumzi. Kidole cha shahada kifuate sauti ya mwimbaji kwenye nyuzi nyembamba. Vidole viwili tu. Ndivyo alivyopiga Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa huku kwetu Katanga, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Msikilize yeye kwanza. Piga gumba peke yake mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea, halafu ndipo uongeze shahada.

Mwendo: polepole. Fadhili William wa Kenya aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Adam Salim wa Tanganyika akadai kwamba yeye ndiye aliyeitunga, mwaka 1945. Ugomvi huo mimi siuingilii. Miriam Makeba akaibeba hadi Marekani, ikawamo kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya 1965. Boney M wakaitoa 1981, Angélique Kidjo 1991. Wote wasikilize, ila usiige vyombo vyao, wewe una gitaa moja. Chukua kwa Makeba namna anavyoivuta sauti mwisho wa mstari bila haraka. Huyu anayeimba ni kijana anayempenda msichana na hana cha kuolea. Ukiikimbiza ili watu wacheze, kilio chake chote kinapotea.

Chagua sauti ya juu au ya chini kufuatana na akina mama, maana wao ndio watakaoimba, si wewe. Kwao Do mara nyingi iko chini. Funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote ili sauti ipande, kwenye kituo cha pili au cha tatu cha shingo ya gitaa.

Na siku ya mahari, usiipige kabla wajomba hawajahesabu pesa na kukubali. Watadhani bwana harusi amekutuma uombe punguzo.