Kuchagua Vifaa vya Kupiga Kambi kwa Kuufikiria Usiku Kwanza

Mtu anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya kupiga kambi huvutwa, mara nyingi, na vitu vinavyong'aa: tochi yenye mwanga mkali, kisu kinachokunjuka kuwa zana kumi, saa inayopima mwinuko. Ushauri wangu ni kuanza upande wa pili, yaani kwa kuufikiria usiku. Mchana mtembeaji ana jua, ana mwendo unaompasha mwili joto, na akikosa kitu anaweza kukivumilia. Usiku, mvua ikinyesha na upepo ukivuma, atakachokitegemea ni hema lililo juu yake, mfuko wa kulalia alimojifunika na godoro lililo chini ya mgongo wake. Fedha na muda wa kuchagua vipewe vitu hivyo vitatu kwanza, na vidude vya umeme visubiri zamu yao.

Kabla ya kutazama kifaa chochote, andika mambo manne: baridi kali kuliko zote unayoweza kukutana nayo, uwezekano wa mvua, umbali utakaobeba mzigo mgongoni, na idadi ya usiku utakaolala nje. Baridi ikadirie kwa mahali utakapolala, si kwa mji ulio chini ya mlima, kwa maana halijoto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi katika kila mita 1,000 unazopanda. Bondeni kukiwa na nyuzi 18 usiku, kambi iliyo mita 2,000 juu yake inaweza kuwa na nyuzi 5 tu. Umbali nao ndio unaoamua uzito. Anayelala kando ya gari lake anaweza kuchukua godoro nene na hema la kusimama ndani, ilhali vitu hivyohivyo vingemvunja mgongo anayetembea kwa siku tatu.

Hema

Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye hema huhesabu miili iliyolala bega kwa bega, bila mikoba, bila viatu vilivyolowa na bila mtu anayejigeuzageuza usingizini. Wawili wanaotaka kulala kwa raha wachukue hema la watatu, isipokuwa kama watalibeba mgongoni kwa muda mrefu na wamekubali kubanana.

Linalowafaa watu wengi ni hema la tabaka mbili: la ndani lenye wavu unaopitisha hewa na kuzuia wadudu, na la nje linalozuia mvua. Mvua si sababu pekee. Mtu aliyelala hutoa unyevu kwa pumzi usiku kucha, na unyevu huo ukigusa kitambaa kilichopoa hugeuka matone. Katika hema la tabaka moja matone hayo humwangukia mwenyewe, naye huamka akilalamika kwamba hema linavuja, kumbe kilichomlowesha ni pumzi yake. Ndiyo maana hema zuri lina matundu ya hewa karibu na kilele yanayoweza kubaki wazi hata mvua inaponyesha.

Uwezo wa kitambaa kuzuia maji huandikwa kwa milimita, na namba hiyo ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kilistahimili maabara kabla ya kuanza kupenyeza matone. Milimita 1,500 hutosha kwa tabaka la nje katika mvua ya kawaida. Sakafu inahitaji 3,000 au zaidi, kwa sababu goti linalokandamiza kitambaa juu ya udongo uliolowa hutoa shinikizo kubwa kuliko matone ya mvua. Lakini kitambaa cha milimita 5,000 hakitamfaa mtu kitu ikiwa mishono haijazibwa kwa utepe, maana kila tundu la sindano ni njia ya maji. Ligeuze hema ndani nje, ufuate kila mshono kwa kidole, na ufungue na kufunga zipu mara kadhaa. Zipu inayouma kitambaa ukiwa umetulia dukani itauma zaidi gizani vidole vikiwa na ganzi.

Nguzo za alumini zikizidiwa hupinda, na zinaweza kunyooshwa au kuvishwa kipande cha bomba hadi mwisho wa safari. Za faibaglasi ni nafuu, lakini hupasuka kwa urefu na kuacha vibanzi vinavyochoma mikono. Ukitandika turubai chini ya hema, hakikisha halichomozi nje ya kingo zake, la sivyo litakinga mvua na kuipitisha moja kwa moja chini yako.

Mfuko wa kulalia na godoro

Hapa ndipo lebo zinapowapotosha watu zaidi. Mfuko wa kulalia uliopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huwa na halijoto tatu, zinazopatikana kwa sanamu yenye vihisi iliyovishwa nguo na kulazwa juu ya godoro ndani ya chumba cha baridi. Ya kwanza ni halijoto ya raha, ambayo mwanamke wa kawaida anaweza kulala akiwa amejinyoosha bila kuhisi baridi. Ya pili ni ya kikomo, ambayo mwanamume wa kawaida anaweza kulala akiwa amejikunyata. Ya tatu ni ya hatari: mtu anaweza kuipitisha kwa saa sita bila kufa kwa baridi, ingawa madhara ya baridi mwilini bado yanaweza kumpata. Muuzaji huchapa kwa herufi kubwa namba ya chini kadiri dhamiri yake inavyomruhusu, na mnunuzi asiyejua hudhani ameahidiwa usingizi. Tafuta halijoto ya raha, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo karibu na zipu au kwenye mfuko wa kufungashia, kisha chagua iliyo chini kwa nyuzi chache kuliko baridi uliyoiandika kwenye karatasi yako. Mfuko usiotaja kiwango chochote cha upimaji, namba yake ichukulie kuwa maneno ya biashara.

Ujazo wa ndani huwa wa aina mbili. Manyoya laini ya bata ni mepesi, hubanwa yakawa madogo na hudumu miaka mingi yakitunzwa, lakini yakilowa hugandamana na kupoteza karibu joto lote. Nyuzi za viwandani ni nzito zaidi na hujaza mkoba, ila zikilowa hubakiza sehemu ya joto na hukauka upesi. Kwa maeneo ya mvua nyingi au ya mito ya kuvuka kwa miguu, mimi huchagua nyuzi bila kujiuliza mara mbili.

Hata hivyo, mfuko bora hushindwa ukitandikwa juu ya ardhi tupu, kwa kuwa ujazo ulio chini ya mwili umebanwa na hauna tena hewa ya kuhifadhi joto. Nimewahi kulala usiku mzima nikilaumu mfuko mpya, nikaongeza soksi, nikaongeza koti, na baridi ikaendelea kunipanda kutoka chini. Kosa lilikuwa godoro jembamba la kujaza upepo, ambalo ndani halikuwa na kitu isipokuwa upepo huo. Magodoro ya kambi hupewa thamani ya R, inayoonyesha yanavyozuia joto lisipenye kwenda ardhini, na yale yaliyopimwa kwa kiwango cha ASTM F3340 yanaweza kulinganishwa hata kama watengenezaji ni tofauti. Kwa usiku wa joto R ya 1 au 2 inatosha. Ardhi ikikaribia kuganda tafuta 4 au zaidi, na juu ya theluji zaidi ya 5. Uzuri wa thamani hizi ni kwamba hujumlishwa: godoro la sponji lenye R 2 likiwekwa chini ya la upepo lenye R 3 hufanya 5. La sponji, isitoshe, halitoboki, na mwenye godoro la upepo asisafiri bila viraka.

Jiko

Mchanganyiko wa gesi ulio ndani ya mtungi una maana kuliko umbo la jiko. Butani huacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, isobutani kwenye takriban 12 chini ya sifuri, na propani kwenye takriban 42 chini ya sifuri, kwa hiyo mtungi wa butani pekee, unaowaka vizuri alasiri, unaweza kugoma alfajiri yenye jalidi. Soma ubavuni mwake. Jiko lolote lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa, kwani gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye jiko haina harufu wala rangi na humuua mtu akiwa usingizini.

Maji

Chujio jepesi la nyuzi zenye matundu huwa na vipenyo vya maikroni 0.1 hadi 0.2 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), ambavyo huzuia bakteria na vijidudu vikubwa zaidi kama Giardia, lakini virusi vingi ni vidogo mno na hupita. Kwenye chemchemi za milimani zisizo na makazi juu yake hilo kwa kawaida si tatizo kubwa; karibu na vijiji, mashamba au kambi zenye watu wengi, chuja kisha uue vijidudu kwa vidonge au kwa kuchemsha. Vidonge vya klorini dioksidi huhitaji subira, kwa mfano saa nne ili kumaliza kimelea cha Cryptosporidium. Kuchemsha kunahitaji dakika moja ya kutokota sawasawa, au dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi.

Jambo ambalo wauzaji hulisahau ni kwamba chujio la aina hii likishatumika mara moja halipaswi kuganda. Maji yaliyobaki ndani yakiwa barafu hupasua nyuzi, na chujio litaendelea kutoa maji yanayoonekana safi huku vijidudu vikipita. Usiku wa baridi lilaze nalo ndani ya mfuko wako.

Mwanga na umeme

Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi kwa kila kazi ya kambini, kwa sababu huacha mikono yote miwili huru. Mwanga hupimwa kwa lumeni: 200 hadi 300 hutosha kwa kutembea njiani, na chini ya 20 kwa kusoma au kutafuta soksi ndani ya hema. Namba kubwa za kwenye boksi zina siri yake: katika kiwango cha upimaji wa tochi kinachoitwa FL1, mwanga hupimwa mwanzoni, lakini muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga utakaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya "lumeni 400 kwa saa 40" basi haijaahidi lumeni 400 kwa saa 40. Chagua yenye taa nyekundu, ambayo haiharibu uwezo wa macho kuona gizani wala haiamshi wenzako, na yenye kifungio cha swichi, maana tochi inayojiwasha ndani ya mkoba huwa imekufa inapohitajika. Alama ya IPX4 humaanisha inastahimili maji ya kurushiwa. IPX7 humaanisha kuzama mita moja kwa dakika 30.

Benki ya umeme ya kuchajia simu hutangazwa kwa miliampia-saa, kipimo kinachofaa kubadilishwa kuwa wati-saa. Kwa benki ya miliampia-saa 10,000, zidisha 10,000 kwa volti 3.7 za betri yake, ugawe kwa 1,000, upate wati-saa 37. Simu yenye betri ya wati-saa 19 haitachajiwa mara mbili kamili, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto wakati volti inapobadilishwa. Kwa safari ya usiku mbili au tatu, 10,000 hutosha mtu anayezima mtandao wa simu. Wanaosafiri kwa ndege wakumbuke kwamba mashirika mengi huruhusu hadi wati-saa 100 bila kibali maalumu, nazo zibebwe kwenye mzigo wa mkononi. Paneli ndogo ya jua ya kutundika mgongoni siipendekezi kwa safari fupi. Hutoa kidogo mno ikiwa imeinama vibaya, na uzito wake ni karibu sawa na wa benki ya pili.

Simu huipokea ishara ya GPS hata pasipo mtandao, mradi ramani zimepakuliwa kabla ya kuondoka. Beba pia ramani ya karatasi na dira, uiweke dira mbali na simu wakati wa kuisoma, kwa sababu sumaku zilizo ndani ya simu huvuta sindano. Kwa sehemu za mbali kabisa kuna kitoa ishara cha dharura cha binafsi, kinachotuma kwenye megahezi 406 kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji. Hakina ada ya mwezi, lakini ni lazima kisajiliwe kwa jina la mwenyewe. Vidude vya setilaiti vya kutumiana ujumbe vina ada, ila vinamwezesha mtu kueleza kama amevunjika mguu au amechelewa tu.

Mkoba, na usiku wa majaribio

Mkoba ununuliwe mwisho, vitu vyote vikiwa vimekwisha kupatikana, kwa sababu hapo ndipo utakapojua ukubwa unaotakiwa. Lita 40 hadi 60 huwatosha wengi kwa usiku mbili au tatu. Pima urefu wa mgongo kuanzia mfupa uliojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga, kwa kuwa saizi ya mkoba hufuata mgongo wala si kimo cha mtu. Ujaribu ukiwa na kilo kumi ndani, utembee kwa dakika 15, na uzito mwingi uhisiwe kwenye mkanda wa nyonga badala ya mabegani. Mzigo wote usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili wako. Ndani weka mfuko mmoja mkubwa wa plastiki nzito. Hukinga mvua vizuri kuliko kifuniko cha nje, ambacho upepo hukipeperusha.

Kisha, wiki moja au mbili kabla ya safari, simamisha hema uani au kwenye uwanja wa jirani, limwagie ndoo kadhaa za maji, na ulale humo hadi asubuhi ukitumia vifaa ulivyonavyo mkobani pekee. Kila mara utakapolazimika kuingia nyumbani kuchukua kitu, kiandike.