Somo: Kufunga bapa la kusukuma theluji kwenye pikipiki ya magurudumu manne

Kila msimu wa theluji unapokaribia naulizwa maswali yaleyale, na majibu mafupi niliyokuwa nikiyatoa yamewaponza baadhi ya waulizaji. Safari hii naieleza kazi yote, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Pima upana wa pikipiki kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa jingine, kwa kuwa bapa likigeuzwa upande hupungua upana. Bapa la sentimita 127 lililogeuzwa nyuzi 30 husafisha sentimita 110 tu, hivyo pikipiki yenye upana wa sentimita 120 itakanyaga theluji ambayo haijasukumwa. Lile la sentimita 152, kwa pembe hiyohiyo, hubaki na sentimita 132.

Hatua ya 2. Funga bamba la kupachikia chini ya fremu, ili nguvu ya kusukuma ipokewe na fremu yenyewe.

Hatua ya 3. Unganisha mikono ya kusukumia kwenye bamba kwa pini zake, kisha bapa kwenye mikono.

Hatua ya 4. Nyaya nene za winchi (mashine ya umeme inayozungusha kamba ili kunyanyua bapa) zitoke kwenye betri, lakini swichi yake ipate umeme pale tu ufunguo unapowashwa.

Hatua ya 5. Kamba ya winchi. Hapa ndipo nilipokosea, na nawaomba msome polepole. Niliacha waya wa chuma uliokuja na winchi, nikidhani kwamba waya unaoweza kuvuta pikipiki nzima kutoka kwenye tope hauwezi kushindwa na bapa. Sikuzingatia kwamba kusukuma theluji ni kunyanyua na kushusha mara mamia, na kwamba kipande kilekile kifupi cha waya ndicho kinachokunjwa kila mara. Isitoshe, nilikuwa nikibonyeza swichi hata baada ya bapa kufika juu kabisa, na winchi yangu, kama nyingi nyingine, haikuwa na kifaa cha kuizima yenyewe. Waya ulikatika bapa likiwa juu, likaanguka umbali wa hatua moja kutoka mguuni pangu. Tumieni kamba laini ya nyuzi za plastiki au mkanda mfupi uliotengenezwa kwa kazi hii, muukague kila kabla ya kuanza, na mwachie swichi bapa likiwa bado na nafasi ya vidole vinne kabla ya kugusa juu. Mizunguko kadhaa ibaki kwenye ngoma ya winchi bapa likiwa chini. Usiweke mguu wala mkono chini ya bapa lililonyanyuliwa, hata kwa sekunde moja. Ukitaka kulikagua, lishushe au liwekee gogo.

Hatua ya 6. Kwenye changarawe, rekebisha viatu vya bapa (vipande vya chuma vinavyoteleza ardhini chini yake) ili ukingo wake uwe juu ya ardhi kwa sentimita 2 hivi, la sivyo utasukuma mawe pamoja na theluji.

Hatua ya 7. Kaza bolti zote tena baada ya saa ya kwanza ya kazi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimefunga bapa kwenye bampa ya mbele, kwa kuwa kulala chini ya pikipiki kulinichosha. Kuna tatizo?

Jibu: Lipo. Soma hatua ya 2, kisha ulifungue kabla hujaanza kazi.

Swali: Bapa langu huinamia mbele kila likigusa kitu. Je, nizizuie springi kwa bolti ili litulie?

Jibu: Ahsante kwa kuuliza kabla ya kufanya. Springi zipo ili bapa likikutana na jiwe lililofichika liiname, lipite, kisha lirudi. Ukizizuia, pigo lote litaingia kwenye fremu, nawe utarushwa kwenye usukani. Kama bapa huinama hata kwa theluji tupu, ongeza mkazo wa springi kidogo kidogo, pande zote mbili kwa kiasi sawa, na uendeshe kwa gia nzito kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Swali: Kamba gani inafaa?

Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Ndugu, winchi yangu hunyanyua kwa shida asubuhi za baridi kali. Imeharibika?

Jibu: Huenda ni betri tu. Baridi huipunguzia nguvu, na injini inayozunguka polepole haiirudishii umeme kwa kasi ambayo winchi inautumia. Ijaze kwa chaja usiku, usafishe vichwa vyake, na uepuke kunyanyua bapa pasipo sababu.

Mchango wa mwanachama: Mimi hupaka nta usoni mwa bapa, na theluji yenye majimaji haigandi tena.

Jibu: Ni kweli, nami hufanya hivyo. Niongeze kwamba theluji ya kwanza isukumwe mbali kuliko unavyoona inatosha, kwa sababu kingo zake zikishaganda bapa haliwezi kuzisogeza, na njia itazidi kuwa nyembamba kila theluji nyingine inapoanguka.