Somo: Kuandaa vitabu na majarida ya kielektroniki kwa viwango

Faili likishapakiwa kwenye seva, wengi huona kazi imekwisha. Kwa msomaji bado. Asipolikuta kwenye katalogi, kitabu hicho kwake hakipo.

Hatua ya 1: Namba. Kitabu hupewa ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha, yenye tarakimu 13 tangu 2007. Toleo la EPUB na la PDF yakitolewa kila moja peke yake, kila moja lipewe ISBN yake. Jarida hupewa ISSN, namba yake ya utambulisho ya tarakimu 8: la karatasi na yake, la mtandaoni na yake, na ISSN-L, namba moja ya pamoja, huyaunganisha. Makala hupewa DOI, kitambulisho cha kudumu kinachotumika kama kiungo. Mchapishaji akihamia tovuti nyingine husahihisha anwani aliyoisajili, na kiungo cha msomaji hakikatiki.

Hatua ya 2: Faili. EPUB kwa kusomea, maana maandishi hujipanga kufuata upana wa skrini. PDF/A kwa kuhifadhi, kwa kuwa fonti zake zimo ndani.

Hatua ya 3: Metadata, yaani maelezo kuhusu kitabu au jarida. Vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango rahisi cha maelezo hayo, vinatosha hazina ndogo. Kwa wanaotumia MARC 21, muundo wa rekodi za katalogi, kiungo kinakaa uga 856.

Hatua ya 4: Orodha ya KBART, yaani ya majarida mnayoweza kuyafungua, katika muundo unaosomwa na mifumo ya maktaba. Hapa tusiharakishe, kwani hapa ndipo wasomaji wanapopotezwa. Ni faili la maandishi lenye safuwima: jina la jarida, ISSN, toleo la kwanza na la mwisho mnaloweza kufungua. Safuwima ya toleo la mwisho ikiachwa tupu, mifumo huelewa kwamba jarida linapatikana hadi leo. Kama usajili wenu ulikoma 2019 na hamkujaza, msomaji ataelekezwa kwenye makala ya 2022 asiyoweza kuifungua, naye ataamini maktaba ndiyo mbovu. Kagueni orodha hii kila mkataba unapobadilika.

Hatua ya 5: Takwimu. Dai kwa wachapishaji ripoti za COUNTER, kiwango cha kuhesabu matumizi ya vitabu na majarida ya kielektroniki. Mchapishaji mmoja hutoa kitabu kizima, mwingine sura kwa sura, hivyo idadi ghafi ya maombi ya kufungua hailinganishiki. Tumia Unique_Title_Requests, inayohesabu kitabu mara moja kwa kila kipindi cha matumizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Jarida letu limebadilisha jina kabisa. ISSN ileile?
Jibu: Hapana, ombeni mpya. Matoleo ya zamani yabaki chini ya jina la zamani, na rekodi mbili ziunganishwe kwa uga 780 na 785 za MARC 21.

Swali: Mwalimu, tumeskani vitabu vya zamani visivyo na ISBN. Tuvipe?
Jibu: ISBN huombwa na mchapishaji. Kwa nakala za kuhifadhi tu, vipeni kitambulisho cha kudumu kama Handle. Ila kwanza hakikisheni hakimiliki inawaruhusu kuskani.

Swali: Tukisitisha usajili, miaka tuliyolipia inapotea?
Jibu: Inategemea mkataba. Kifungu cha kuendelea kusoma baada ya kusitisha kiandikwe kabla ya kutia saini, pamoja na mahali nakala zitakapohifadhiwa, kama Portico au CLOCKSS. Kisipokuwemo, msisaini.