Ukitaka dagaa wabichi Kigoma, anza na mwezi

Mgeni akishuka Kigoma huniuliza dagaa wabichi wanapatikana wapi. Nami humuuliza: leo mwezi una siku ngapi? Wengi hunitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Lakini ukilijua jibu la hilo, mahali pa kuwapata utaonyeshwa na mtoto yeyote wa mjini. Usipolijua, utafika mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, alfajiri na beseni lako, ukute wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu, ukarudi na mikono mitupu.

Mama yangu alianika dagaa Kibirizi miaka zaidi ya ishirini. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza kunguru. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasoma popote, isipokuwa yale majina ya kitaalamu nitakayoyataja mbele.

Mchana dagaa hushinda kilindini. Jua likizama hupanda juu kufuata vijidudu wanavyokula, na hapo ndipo mvuvi anapowangojea na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ukisimama kilimani usiku unaona ziwa kama mji mwingine umejengwa majini. Siku hizi taa za betri na sola ndizo nyingi. Dagaa huifuata ile taa, wavu uko chini yake, unainuliwa. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti na wavu katikati, kwetu inaitwa kipe. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi haina cha kumvutia dagaa. Siku hizo vyombo vingi haviingii majini.

Bibi yangu wa Ujiji hakuwa na haja ya kutoka nje kuangalia. Alikuwa anaijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu kama anavyojua majina ya wajukuu. Kuanzia tarehe kumi na moja au kumi na mbili hadi kumi na saba hivi, alikuwa hamtumi mtu dagaa. "Mwezi mkubwa huu, nunueni maharage." Fanya hivyo hivyo: piga simu kwa Mwislamu yeyote umwulize leo tarehe ngapi ya mwezi, au tazama juu mwenyewe. Siku zilizo bora ni za giza, mwezi unapokwisha na unapoandama. Hapo katikati wanapatikana ila kwa vipindi: mwezi ukiwa unakua, giza linakuja usiku wa manane baada ya mwezi kuzama, kwa hiyo boti zinachelewa kurudi; mwezi ukiwa unapungua, giza ni la mapema kabla haujachomoza.

Kuna na jambo la pili la kuuliza kabla hujakata tiketi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapate kuzaliana. Ndugu yangu mmoja alikuja likizo ya Juni mwaka huo na madeli mawili matupu, yale masanduku ya kubebea barafu. Alirudi nayo matupu. Ukipanga kuja katikati ya mwaka, ulizia kwanza kama ziwa liko wazi. Na hata likiwa wazi, miezi hiyo ya kiangazi kuna upepo mkali unaochafua maji, zipo siku wavuvi wanalala nyumbani.

Haya, mwezi umekubali. Amka mapema. Boti huanza kuingia kunapopambazuka, na saa moja asubuhi mwalo umechangamka. Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ndio mwalo mkubwa. Ukitoka Mwanga, mtaa wa hapa mjini, bodaboda inakufikisha upesi. Katonga nako wanashusha, na watu wa Ujiji wana ufukwe wao. Mimi kwa mgeni nasema Kibirizi, kwa sababu wauzaji ni wengi na utaweza kulinganisha. Saa tatu ikigonga, waliobaki kwenye mabeseni wengi wao ni wale ambao wanunuzi wa mwanzo wamewapita. Wazuri wameshachukuliwa na wenye vichanja vya kuanikia, maana dagaa wa Kigoma anayekauka vizuri ana soko mpaka Dar, na mwanikaji hasubiri.

Usimkimbilie mvuvi mwenyewe. Mvuvi anauza kwa beseni au ndoo, tena kwa watu anaowajua, na pale boti inapogusa mchanga kuna kelele ambazo mgeni hazielewi. Simama pembeni, acha akina mama wanunue, kisha mwendee mmoja wao akupimie sado, lile kopo la kupimia, moja au nusu. Atakuwa ameongeza chake, ni haki yake. Anza na shikamoo. Usiulize bei kwa mmoja tu, uliza kwa watatu, na uangalie boti zinavyokuja: zikiingia zimejaa, bei inashuka mbele ya macho yako, zikija mbili tatu zimekaa juu juu majini, nunua upesi, haitashuka leo.

Sasa jicho. Dagaa wa alfajiri hii anang'aa kama sarafu mpya, mgongoni ana rangi ya samawati iliyoiva, jicho lake jeusi limejaa na linateleza. Akianza kuchoka, jicho linapata ukungu mweupe, kisha linadidimia. Mshike mmoja kwa kichwa umweke sawa na ardhi: akibaki amenyooka kama kijiti, ni mpya, akining'inia kama kamba ya kiatu, amepitwa na saa nyingi. Kisha tazama tumbo, na hapa ndipo mama alipokuwa mkali. Dagaa hatumbuliwi, anabeba utumbo wake mpaka jikoni, na ule utumbo unaanza kumla mwenyewe kutokea ndani. Jua likimpiga, tumbo linapasuka. Wachache waliopasuka kwenye beseni ni kawaida, wamebanwa na wenzao. Wakiwa nusu nzima, ondoka.

Harufu: dagaa mpya ananukia ziwa. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Ukiinama ukasikia shombo imekupanda puani kabla hujamgusa, hao ni wa jana.

Hila ni mbili tu ninazozijua. Ya kwanza ni kuwamwagia maji kila mara ili wang'ae. Maji yanadanganya ngozi lakini hayarudishi jicho. Ya pili ni wa leo kuwekwa juu na wa jana chini. Dawa yake ni kutia mkono mpaka chini ya beseni na kupandisha konzi. Usifanye kwa ujeuri. Sema, "Mama, naomba nione wa chini." Mwenye mali safi atakuambia tia mkono mwanangu, tena atakusaidia kugeuza. Akikuambia "utawavunja", mshukuru uende kwa jirani yake.

Nimeahidi majina ya kitaalamu. Mtu wa Mwanza akikuambia dagaa ni dagaa, mkatalie kwa upole. Dagaa wa Ziwa Victoria, yule Wakenya wanayemwita omena na Waganda mukene, ni wa ukoo mwingine kabisa. Wetu ndio ukoo wa sadini wa baharini, ila wao wamezoea maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wako wa namna mbili: Stolothrissa tanganicae, mwembamba, kwa kawaida hazidi sentimita 10, na Limnothrissa miodon, mnene zaidi, anayeweza kukaribia sentimita 17. Huyu mnene alihamishiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye isambaza wa Rwanda, na baadaye Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ndiye kapenta. Ng'ambo ya Bujumbura watakuambia ndagala. Kwa mpishi tofauti ina maana: yule mdogo kaanga mzima mzima; mnene mkate kichwa, uvute na utumbo wake utoke pamoja, maana uchungu wa nyongo yake unasikika mdomoni.

Kama huna jiko, kula kwa mama lishe. Ila uwe mwangalifu na neno. Ukiingia mgahawani ukauliza "Dagaa ni wabichi?" jibu ni ndiyo, siku zote ni ndiyo, hata mwezi ukiwa mpevu. Uliza, "Wameingia saa ngapi?" Mwenye dagaa wa leo hujibu bila kufikiri: saa moja, nimewatoa Kibirizi mwenyewe. Asiye nao ataanza kumwita mtu wa jikoni. Kuna mgahawa mmoja mjini, wenye vitambaa vya meza na feni, ulioniletea dagaa "wabichi" ambao walikuwa wakavu waliolowekwa usiku. Niliwatambua kabla ya kuonja. Dagaa mpya akiingia kwenye mafuta ya moto hujikunja, mkia unapanda, sahani nzima inakuwa na vijinyusi. Mkavu aliyelowekwa anabaki amenyooka, ngozi imejikunyata, na ukimtafuna ana ugumu wa nyuzi. Aliyetoka kwenye friji anavunjika vipande kwenye kikaango, ukiona sahani imejaa vichwa peke yake ujue ndiye huyo. Nilimwita kijana nikamwonyesha. Akasema, "Dada, na wewe ni wa hapa hapa?" Akanibadilishia kwa maharage.

Tangu siku hiyo nakula kule kule karibu na mwalo, kwenye mabanda yenye mabenchi, ambako mpishi akiishiwa dagaa anamtuma mtoto mita mia mbili. Fika kabla ya saa sita mchana. Chakula cha jioni cha dagaa wabichi sikiamini, isipokuwa kwa mtu ninayemjua ana barafu.

Njia nyingine ni kununua mwenyewe mwaloni na kumpelekea mama lishe akupikie. Wengi wanakubali, unalipia mafuta, mkaa na ugali. Mwombe awakaange kwa mawese. Mkoa wetu ni wa michikichi na dagaa wanajua hivyo. Mawese yachemke mpaka ile rangi nyekundu ianze kufifia na povu litulie, dagaa wawe wameoshwa mara moja tu, wakachujwa vizuri, wametiwa chumvi na ndimu dakika chache. Ndimu ikikaa sana wanalainika. Wakianza kutoa sauti ya kukwaruza ukiwageuza, wametosha. Juu yake kachumbari ya nyanya na pilipili mbuzi, pembeni ugali wa muhogo. Kuna watu wanatia karoti na hoho na unga wa ngano. Siwazuii.

Kuwasafirisha ndiko kulikonifundisha adabu. Mara ya kwanza niliwabeba kwenda Kasulu kwa shangazi kwenye ndoo yenye kifuniko, nimekaza vizuri ili shombo isisumbue abiria. Sikutia barafu, nikajipa moyo kwamba Kasulu kuna baridi. Kasulu kuna baridi kweli, lakini ndani ya ndoo hakukuwa Kasulu. Nilipofungua mbele ya shangazi, matumbo yote yalikuwa yamepasuka na maji yamekuwa ya rangi ya chai. Shangazi hakusema neno, alichukua jembe akaenda kuchimba shimo nyuma ya migomba.

Sasa nakwenda mwaloni na deli. Barafu ninainunua jana yake kwa wauza vinywaji, naiponda ndani ya kiroba kwa mchi. Tabaka la barafu chini, dagaa kwenye mifuko ya nailoni kilo moja moja, barafu, dagaa, barafu juu kabisa. Mifuko ni muhimu: dagaa akioga kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka ladha inaondoka na jicho linakuwa jeupe, utafika nao wapya wanaoonekana wa juzi. Chini ya deli kuna kile kizibo. Kila gari linaposimama nakifungua maji yatoke, na konda hunigombeza. Kwa mtindo huo huwa wanafika Kasulu wamenyooka kama vijiti. Kwenda Dodoma au Dar sijaribu tena. Huko nabeba wakavu wa Kibirizi waliokaukia kwenye vichanja, wasiogusa mchanga, na hao ndio shangazi zangu wa Dar wanaowagombania.