Mbwa Aje Mbio Akiitwa

Kwenye nyumba nyingi za Nairobi mbwa hushinda kibandani mchana na kufunguliwa usiku. Asubuhi akiitwa, anajua anaenda kufungiwa, kwa hiyo anazunguka nyumba mara tatu huku askari wa geti akimkimbiza na ufagio. Huyo si mkaidi. Amejifunza kwamba kuitwa ni mwisho wa raha, na kufukuzwa ni mchezo mtamu kuliko yote.

Kwanza kubalianeni neno. Mama akisema "kuja", watoto "njoo hapa" na askari akipiga mluzi, mbwa hashiki lolote. Kama neno la zamani limeshachakaa kwa kupigiwa kelele, litupeni, mwanze na jipya.

Zawadi nzuri ni maini ya ng'ombe. Chemsha robo kilo kwa dakika 15, maji matupu, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu damu ya mbwa). Kata vipande vya ukubwa wa harage, uvikaushe kwenye sufuria bila mafuta visije vikakuchafulia mfuko. Tumia kidogo kila siku, vingine gandisha. Maini mengi humharisha. Smokie (soseji za mtaani) zina chumvi mno, waachie wauzaji wake.

Watu wawili wasimame hatua tano mbalimbali, kila mmoja na vipande vyake. Mmoja achuchumae, aite mara moja tu. Mbwa akigeuza kichwa, msifu papo hapo, usingoje afike. Akifika, shika ukanda wa shingoni kwa mkono mmoja kwanza, ndipo umpe kipande kwa mwingine, kisha mwachie aitwe upande wa pili. Ukitoa kabla ya kushika, atazoea kunyakua na kutoroka, na kosa hilo ni gumu kulifuta. Mara nane zatosha. Acheni akiwa bado anataka. Asipokuja, usirudie neno wala kumfuata: kimbia uende upande mwingine, atakufuata mwenyewe.

Akishazoea uwanja wa nyumbani, nunua kamba ya mita 10. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, maana akifika mwisho wa kamba kwa kasi ataumia. Usiizungushe mkononi pia, itakuchubua. Msitu wa Karura unaruhusu mbwa waliofungwa kamba, na pale kuna mtihani wa kweli: kima juu ya miti. Watu na baiskeli wakipita, ifupishe hadi mita mbili. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo abaki nyumbani, kwa sababu virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hudumu udongoni kwa miezi.

Mara nyingine, badala ya maini, mlipe kwa kuvutana. Suka vipande vitatu vya jinzi kuukuu, viwe na urefu wa mkono. Vuta kwa upole kushoto na kulia. Ukimnyanyua juu utamuumiza shingo. Kumfundisha "achia", bana kamba hiyo ya jinzi gotini mwako, usivute tena. Kamba iliyokufa haina utamu, ataitema. Mrudishie hapo hapo.

Na kibandani? Mwite mara kumi kwa siku, tisa umwachie aende zake. Ile ya kumi, kipande kikubwa kuliko vyote kiwe kinamngoja ndani.