SOMO: Dawa ya magugu na ya wadudu kwenye bomba moja, kwa nini mpunga unaungua

Wakuu, msimu uliopita nilibana hela ya kibarua. Nikachanganya propanili (ya magugu) na klorpirifosi (ya wadudu), nikapuliza jaruba zima asubuhi moja. Siku ya nne ncha za majani zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa maji ya moto, na magugu nayo yamekufa, kwa hiyo sikuwa na hata wa kumlaumu.

Propanili inaua magugu na kuacha mpunga kwa sababu jani la mpunga lina kimeng'enya, yaani kemikali ya asili ya mmea, kinachoivunja. Sumu za wadudu za jamii za oganofosfeti na kabameti hukifunga kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Kikifungwa, mpunga unaungua pamoja na magugu.

Hatua ya 1. Soma kiambato kwenye lebo, achana na jina la dukani. Klorpirifosi, malathioni, dimethoati, profenofosi, kabarili: hizo ndizo za kuogopa hapa.

Hatua ya 2. Usizipulize hizo kwa siku 14 kabla ya propanili na siku 14 baada yake. Lebo ikitaja siku nyingi zaidi, fuata lebo.

Hatua ya 3. Punguza maji jarubani, magugu yakiwa na majani mawili matatu, upulize propanili. Rudisha maji baada ya siku moja hadi tatu.

Hatua ya 4. Osha bomba, mpira na nozeli. Watu huosha tangi tu!

MASWALI

Mkuu, mimi nilizichanganya hizo dawa mbili kwenye chupa kujaribu, hazikuganda wala kujitenga. Si salama?
Chupa inakuonyesha kama dawa zinaelewana zenyewe. Mpunga haumo ndani ya chupa.

Vipi sipamethrini?
Hiyo ni jamii ya pairethroidi, haifungi kimeng'enya kile. Ila usichanganye kama lebo hairuhusu, na ujue inaua pia buibui wanaokulia wadudu bure.

Mwalimu, nimeshaunguza, mpunga una wiki tatu. Ning'oe?
Usikimbilie kung'oa, dada. Chomoa mche mmoja, upasue shina kwa wembe karibu na mizizi. Ndani pakiwa peupe na pagumu, rudisha maji, subiri jani jipya ndipo uweke mbolea. Pakiwa kahawia na pamelainika, tafuta miche ya kupandikiza upya.