Fuata glutamati, GABA na glisini kwenye sinapsi, hatua kwa hatua

Shika kwanza namba moja: -70. Hizo ndizo milivolti, kwa makadirio, za ndani ya seli ya neva iliyotulia. Glutamati, kemikali inayosisimua neva, huivuta seli kuelekea 0. GABA na glisini, kemikali zinazotuliza, huizuia isifike huko.

Hatua ya 1: kumwaga. Kwenye ncha ya neva, glutamini hugeuzwa kuwa glutamati na kupakiwa kwenye vifuko. Msukumo wa umeme ukifika, milango ya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu ikiingia vifuko humwaga shehena yake kwenye mwanya wa sinapsi, yaani makutano ya neva mbili.

Hatua ya 2: kupokea. Neva ya pili ina vipokezi, yaani protini zinazonasa glutamati. Kipokezi cha AMPA hakina makuu: glutamati ikikigusa tu, sodiamu huingia. Cha NMDA ni kikaidi. Kwenye -70 tundu lake limezibwa na magnesiamu, kwa hiyo AMPA sharti ipandishe volti kwanza ili magnesiamu itoke. Hata hapo, glisini au D-serini lazima iwe imeshika nafasi yake. Ndipo kalsiamu hupita. (Ndiyo, glisini ileile inayotuliza kwenye uti wa mgongo.)

Hatua ya 3: kusafisha. Kwenye mwanya hakuna kimeng'enya cha kuivunja glutamati. Astrosaiti, seli saidizi za ubongo, huifyonza, huigeuza glutamini na kuirudisha kwenye neva. Kazi hii inategemea mteremko wa sodiamu (sodiamu kuwa nyingi nje ya seli kuliko ndani), nao hulipiwa kwa nishati. Katika kiharusi nishati hukatika, glutamati hurundikana, kalsiamu hufurika na seli hufa.

Hatua ya 4: kutengeneza GABA. Kimeng'enya GAD huondoa kabonidioksidi kwenye glutamati, basi. Ila bila vitamini B6 hakifanyi kazi. Ndiyo maana isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayounyima mwili B6, ikizidi sana huleta degedege ambayo diazepamu, dawa ya kuzima degedege, huenda isiizime: diazepamu huongeza nguvu ya GABA iliyopo, haitengenezi nyingine. Hospitalini hutolewa piridoksini (ndiyo B6) kwa mshipa, gramu kwa gramu ya isoniazidi iliyomezwa.

Hatua ya 5: kuzuia. Kipokezi cha GABA-A na cha glisini hufungua njia ya kloridi. Usitegemee volti ishuke sana. Mara nyingi hubaki karibu na -70, lakini sodiamu inayoingia haifui dafu, kwa kuwa kloridi huizima papo hapo.

Ukikuta misuli imekakamaa, uliza ni hatua ipi iliyoharibika. Striknini, sumu ya mmea, huziba kipokezi cha glisini. Sumu ya pepopunda haigusi kipokezi: huzuia vifuko vya glisini na GABA visimwagwe.